Bibi ana mtoto wa jicho, tarehe ya upasuaji wakamtumia kwa meseji. Hapa tatizo ni nini hasa?

#1 Mjukuu wa Newala

Wakuu, habari za humu.

Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana limeniuma. Bibi yangu mzaa mama anaishi kijijini, Newala. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. La kulia haoni kitu, la kushoto anaona mwanga na vivuli tu. Mwezi wa tatu tulimpeleka hospitali moja kubwa ya mkoani, akapimwa, akaandikishwa kwenye foleni ya upasuaji, tukaambiwa "mtaitwa". Tukarudi kijijini kusubiri.

Baada ya wiki kumi nikapiga mwenyewe kuuliza. Jibu: aliitwa, hakutokea, jina limetolewa, aanze upya.

Aliitwaje? Kwa meseji. Yaani mtu waliyempima wenyewe wakaandika haoni, wakamwandikia asome. Na hiyo meseji haikwenda hata kijijini. Bibi hana laini, kwa hiyo siku ile ya kuandikishwa tulitoa namba ya binamu yangu, mlinzi huko Dar. Binamu aliibiwa simu, na alipoirudisha laini, meseji za siku zile zilikuwa zimeshapotea.

Mimi nasema huduma za afya mikoani zimehamia kwenye simu, na watu kama bibi wameachwa kituoni. Je, kosa ni la mtandao, la mfumo, la watumishi, au letu sisi wajukuu?

#2 Fundi Kitochi

Pole sana mkuu. Mimi ni fundi simu, nakwambia nusu ya matatizo haya ni kifaa. Mnunulie bibi kitochi chenye vitufe vikubwa na tochi, chaji inakaa siku nne. Vipo vinavyotamka namba ukibonyeza.

#3 Mama Watatu

Fundi, umesoma bandiko lote kweli? Bibi HAONI. Na hana laini. Hicho kitochi atawekea nini, betri?

#4 Fundi Kitochi

Mama Watatu umenipata, hapo kwenye laini nilipitiliza. Mleta uzi, kwa nini hana laini?

#5 Mjukuu wa Newala

Bibi amebangua korosho kwa mkono tangu msichana. Wa kusini mnajua yale mafuta ya ganda yanavyounguza. Vidole vyake ni laini kama sahani, mistari yote imekwisha. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019 tulimpeleka mara tatu. Tulimpaka mafuta ya nazi, tukamwosha kwa maji ya moto na limao, kijana wa usajili akamfuta mpaka vidole vikawa vyekundu. Mashine haikusoma. Ikafika Januari 20, 2020, laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa, na yake ikazimwa. Alikuwa nayo miaka tisa. Tangu hapo tunampigia kwa jirani.

#6 Kichwa Ngumu

Nitasema ambalo wengi hawatalipenda. Lawama ni za familia. Mnampeleka mgonjwa, mnatoa namba ya mtu aliye kilomita mia tano na zaidi, halafu wiki kumi hakuna aliyeuliza? Zamani bila simu watu walifuatilia kwa miguu. Siku hizi tunasingizia mifumo.

#7 Nesi wa Zamu

Kichwa Ngumu, una haki kidogo, ila kidogo tu.

Mimi nipo kazini, hospitali sitaitaja. Nianze kwa kuutetea mfumo, maana humu watu wataupiga mawe. Kabla ya kompyuta, mgonjwa akirudi baada ya miezi mitatu tulikuwa tunamtafutia faili kwenye rundo linalofika dirishani. Likipotea anaanza upya, vipimo upya, pesa upya. Dirisha la malipo lilikuwa la fedha taslimu, na mnajua wenyewe "chai" ilivyokuwa inatembea pale. Leo mgonjwa anapewa namba ya malipo ya Serikali, analipa kwa simu au kwa wakala, hela inaonekana ilikoingia. Hilo ni jema kabisa na sitaki lirudi nyuma.

Lakini sasa nisikilizeni kuhusu namba ya simu. Kwenye kituo nilichoanzia kazi, fomu ya mapokezi ilikuwa haikubali kwenda mbele bila kujaza namba ya simu. Mgonjwa anakwambia "mwanangu, sina". Nyuma yake wamesimama watu sitini. Ungefanya nini? Wengine waliweka sifuri saba na sifuri zingine mpaka mwisho. Mimi niliweka yangu. Kwa muda mrefu simu yangu ilikuwa inapokea miadi ya kliniki ya wazee nisiowakumbuka hata sura. Zile nilizoweza kuwatafuta kupitia mwenyekiti wa kitongoji nilitafuta. Nyingi sikuweza. Hilo linanikaa moyoni mpaka leo.

#8 Mama Watatu

Nesi, asante kwa kusema. Kumbe kwenye takwimu hao wazee wanaonekana "wamepokea ujumbe"?

#9 Nesi wa Zamu

Ndiyo. Mfumo unasema umefika. Umefika kwangu.

#10 Bodaboda wa Sengerema

Wakuu msiseme simu haisaidii. Huku kwetu m-mama imeokoa mama zetu. Mjamzito akizidiwa usiku, mtu anapiga 114 bure, kule wanauliza maswali, wanatafuta gari la wagonjwa au dereva wa karibu aliyejiandikisha, anakuja. Shemeji yangu ni dereva wa huo mpango, analipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Na haitaki simu janja wala bando. Kitochi cha jirani kinatosha.

#11 Hesabu Kali

Bodaboda, rekebisha namba kabla mtu hajaipiga usiku. m-mama ni 115. 114 ni Zimamoto na Uokoaji.

#12 Bodaboda wa Sengerema

Kweli, 115. Vidole viliteleza. Asante mkuu.

#13 Kichwa Ngumu

Haya, mnaona? Vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai laki moja, vikashuka hadi 104. Hiyo ni kazi ya simu. Mjukuu wa Newala anataka tuvunje kitu kinachookoa maisha kwa sababu binamu aliibiwa simu.

#14 Hesabu Kali

Tarakimu ni sahihi, sababu si sahihi. 556 ni ya utafiti wa kitaifa wa 2015/16 na 104 ni ya utafiti wa 2022. m-mama kama mpango wa nchi nzima ilizinduliwa Aprili 2022. Kabla ya hapo ilikuwa maeneo machache, Sengerema na Shinyanga yakiwa ya mwanzo. Halafu hesabu ile inachukua vifo vya miaka kadhaa iliyotangulia utafiti. Kwa hiyo haiwezekani huo mpango ukawa ndio ulioshusha. Kuna vituo vya afya vilivyowekewa vyumba vya upasuaji, kuna wanawake wengi zaidi kujifungulia vituoni. m-mama isifiwe kwa yake. Ni mpango mzuri, haihitaji kupewa sifa za wengine.

Na Kichwa Ngumu, mleta uzi hajasema tuvunje kitu.

#15 Mjukuu wa Newala

Sijasema. Nakazia tu alichosema Bodaboda: 115 inafanya kazi kwa sababu upande wa pili kuna MTU anayepokea na kuuliza. Bibi angepigiwa simu kwa jirani, angekuja. Kwa nini upasuaji wa macho upewe meseji na si simu ya sauti?

#16 Macho Yasikia

Naomba nichangie, mara nyingi huwa nasoma tu.

Mimi ni kiziwi tangu nikiwa na miaka saba. Kila mkijadili mambo haya mnamalizia na "wapige simu, wapige simu". Nikiumwa usiku na nipo peke yangu, 115 na namba zote za dharura kwangu ni ukuta. Meseji ndiyo iliyonitoa kwenye kumbeba mdogo wangu hospitali kila safari anitafsirie mpaka mambo ya chumbani. Siku nilipopata miadi ya kwanza kwa maandishi nilikwenda peke yangu, nikiwa na miaka thelathini na moja. Sikuamini.

Msiniondolee meseji kwa ajili ya bibi. Na bibi asibaki gizani kwa ajili yangu. Siku ya kuandikishwa mtu aulizwe: wewe tukupate vipi? Swali moja tu.

#17 Fundi Kitochi

Hili sikuwahi kulifikiria. Asante ndugu.

#18 Mama Watatu

Macho Yasikia, karibu sana, usiendelee kusoma tu.

Mimi nalitoa upande mwingine. Humu tunajadili kana kwamba kila mtu mzima ana simu yake. Mtaani kwetu wanawake wengi wanatumia simu ya mume, au simu ni yao ila mume ndiye anayeijua namba ya siri. Shoga yangu alianza uzazi wa mpango kwa siri, sababu zake anazijua. Kituo kikatuma kumbukumbu ya tarehe ya sindano. Mume ndiye aliyeisoma. Sitaeleza kilichofuata. Tangu siku hiyo akiulizwa namba anasema hana, na simu ipo kwenye mkoba.

Kwa hiyo mnapomhesabu mtu "hana simu", ulizeni vizuri. Wengine wanazo na wanajificha. Na kwa watu wa CTC, kliniki ya wanaotumia dawa za VVU, ndiyo kabisa.

#19 Binti Kipwani

Nakazia #18. Ila tusisahau mazuri. Nilipokuwa na mimba ya kwanza nilijiunga na zile meseji za Wazazi Nipendeni, zilianza 2012, ulikuwa unatuma neno MTOTO kwenda 15001, bure kabisa. Zilikuwa Kiswahili cha kawaida, zinaendana na wiki ya mimba. Nilikuwa ninamsomea mama mkwe jioni, naye anabisha kila moja. Kuna aliyewahi kujiunga humu?

#20 Mama Watatu

Mimi! Mama mkwe wako na wangu ni ndugu, hakika.

#21 Kilifi Damu

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Kwetu Kenya tangu Oktoba 1, 2024 NHIF, bima ya afya ya taifa ya zamani, imepisha SHA, mamlaka mpya ya bima. Kujiandikisha unabonyeza *147# au unaingia mtandaoni. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara anaulizwa maswali ya hali ya nyumba yake ndipo apangiwe mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi.

Sasa sikizeni yaliyompata baba yangu mdogo. Vijana walipita kijijini kusajili watu. Wazee wengi hawakuwa na simu, kijana mmoja akawasajili kwa namba yake mwenyewe ili amalize orodha. Miezi kadhaa baadaye ami yuko hospitalini na sukari imepanda, wanaambiwa imetumwa namba ya siri ya mara moja kwenye simu yake, waisome. Simu ipi? Ya yule kijana, ambaye wakati huo alikuwa ameenda kutafuta kazi Nairobi. Tulimpata saa tatu baadaye, amelala. Kwa hiyo Nesi, wewe hauko peke yako. Na tofauti yenu ni kwamba wewe uliwatafuta wale wazee.

#22 Karani Mstaafu

Shikamooni wakubwa wenzangu, vijana marahaba.

Nimefanya kazi halmashauri miaka thelathini. Mnazunguka kwenye simu, na shina lipo kwenye pesa. Bima ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kila mtu, na mwanakijiji...

#23 Hesabu Kali

Samahani mzee wangu, nakukatiza kwa heshima. Ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa na kiwango chake cha juu zaidi.

#24 Karani Mstaafu

Kwa kaya, ni kweli, nimeandika haraka. Ahsante kijana.

Niendelee. Mwanakijiji pesa anaipata msimu wa mavuno, mkononi, noti. Ili alipe anahitaji namba ya malipo, wakala mwenye salio, mtandao usiogoma siku hiyo. Nimeona watu wanafika kwa wakala geti la hospitali, wakala anawalipia na kujiongezea elfu moja juu kwa "usumbufu", bila risiti. Chai ambayo Nesi anasema imeondoka dirishani, sehemu nyingine imehamia nje ya geti, kwenye mwavuli. Na mzee wa miaka zaidi ya 60 asiye na uwezo, ambaye kwa Sera ya Wazee ya 2003 anastahili matibabu bila malipo, bado anatakiwa athibitishwe na mfumo umtambue. Jina lake limeandikwa vingine kijijini, vingine NIDA kwenye kitambulisho cha taifa, vingine kwenye kadi ya zamani. Mtu mmoja, majina matatu.

Kwangu hilo ni umaskini na uandikishaji mbovu wa tangu zamani. Kompyuta imeuanika tu.

#25 Kichwa Ngumu

Mzee Karani umenena. Nakubali hili kuliko la wajukuu, na langu la #6 nalipunguza makali.

#26 Nesi wa Zamu

Mzee wangu, la wakala ni kweli na linaniuma. Sikubali tu kwamba shina ni moja. Yule wa #18 ana pesa, ana simu, ana NIDA. Aliyemfungia mlango si umaskini.

#27 Mmwera wa Leeds

Wakuu, msidhani hili ni la kwetu tu. Nipo Uingereza mwaka wa kumi na moja, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Huku wana programu ya simu ya NHS, huduma ya afya ya umma: miadi, dawa, majibu ya vipimo, vyote humo. Mabibi ninaowahudumia wengi hawaigusi. Mmoja ana miaka 88, alikuwa mwalimu wa hesabu, ana akili kuliko mimi, ila mikono inatetemeka. Akigusa kioo kinafungua vitu vitatu. Namsaidia kuagiza dawa, na kwa kanuni za kazi siruhusiwi kushika namba zake za siri. Basi tunakaa pamoja, ananielekeza, kidole ni changu, uamuzi ni wake.

Kuna jambo jingine huku. Wazee wengi huvaa kitufe shingoni, akianguka anabonyeza, simu ya mezani inapiga kituo cha msaada. Watu kama milioni 1.8 wanategemea vifaa vya namna hiyo. Sasa laini za zamani za waya za shaba zinazimwa, kila kitu kinahamia intaneti. Walipanga mwisho wa 2025, wakasogeza hadi Januari 2027, sababu mojawapo kubwa ikiwa ni hao hao wazee: umeme ukikatika, simu ya intaneti isiyo na betri ya akiba nayo inakufa, na kitufe kinakuwa mkufu tu. Nchi tajiri hiyo, na ilibidi wasimame kidogo wahesabu nani ataanguka.

#28 Bodaboda wa Sengerema

Mmwera, huko umeme nao unakatika?

#29 Mmwera wa Leeds

Mara chache ndugu yangu, dhoruba za baridi hasa. Ndiyo maana wengi hawakujiandaa. Kwetu angalau kila nyumba ina kibatari.

#30 Fundi Kitochi

Nirudi kwenye vidole. Ninaowaona dukani wenye vidole visivyosoma: wabangua korosho, mafundi saruji, wanaofua nguo za watu, na wazee tu wa kawaida, ngozi ikikauka. Ndio hao hao wanaoumwa zaidi. Mashine iliundwa kwa vidole vya watu wa ofisini, hayo ndiyo maoni yangu.

#31 Hesabu Kali

Maoni, sawa. Lakini alama za vidole zina kazi yake. Laini zisizo na mwenyewe zilikuwa zinatumika kutapeli wazee hao hao, "tuma hela kwenye namba hii". Tatizo langu ni moja: mashine ikikataa, njia ya pili ni ipi, na nani anaijua kijijini?

#32 Mama Watatu

Ndugu zangu, mbona hakuna aliyetaja wahudumu wa afya ngazi ya jamii? Mpango wao mpya ulizinduliwa Januari 2024, lengo ni zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano, wa kiume na wa kike kila kitongoji. Mtaani kwetu yupo mmoja, anapita na daftari. Orodha ya miadi ingepitia kwake, bibi angegongewa mlango.

#33 Nesi wa Zamu

Nawaamini sana hao. Ila na wao wanapewa vishikwambi vya kujazia taarifa, na naogopa daftari likiondoka mkononi tutawageuza makarani wa mfumo. Pia siri: mhudumu ni jirani. Yule shoga wa #18 hatafurahi kugongewa.

#34 Macho Yasikia

Ndiyo maana nikasema #16, aulizwe mwenyewe.

#35 Karani Mstaafu

Atakayeuliza ana watu sitini kwenye foleni. Tusisahau hilo.

#36 Kilifi Damu

Mleta uzi amepotea. Bibi vipi?

#37 Mjukuu wa Newala

Nipo wakuu, nilikuwa safarini, nimewasoma wote kuanzia #16 nikiwa kwenye basi.

Nimekwenda mwenyewe pale hospitalini. Sikugombana. Nilimkuta dada mmoja wa mapokezi, nikamweleza kuhusu vidole na binamu. Akatoa kadi ya kliniki, akaandika tarehe kwa kalamu, herufi kubwa, na pembeni akaandika jina la jirani na neno PIGA. Akaniambia sehemu ya kuandika "piga" kwenye kompyuta haipo, hivyo atalibandika kwenye daftari lake. Akihamishwa kituo sijui daftari litaenda na nani.

Bibi amepewa Alhamisi ya wiki ijayo, jicho la kushoto kwanza. Kadi ameifunga kwenye pindo la kanga. Kila asubuhi anamwita mtoto wa jirani amsomee, kana kwamba itabadilika usiku.

#38 Bodaboda wa Sengerema

Alhamisi hiyo nani anampeleka kituoni, na basi linaondoka saa ngapi?

#39 Mjukuu wa Newala

Saa kumi alfajiri. Nitalala hapo hapo kwake.